Mtoto Mtoro si Mhalifu: Somo la Galula kwa Wazazi wa Visiwani



Mtoto anayetoroka shule, anayelala nje au anayewagomea wazazi wake hajaiba wala hajampiga mtu. Mtu wa miaka 25 akifanya hayo hakuna askari atakayemuuliza. Hata hivyo, kauli tunayoisikia mara nyingi kwa wazazi ni moja: "Mpelekeni polisi akatiwe adabu." Tumeona tulipime jambo hili kwa mfano wa mbali kidogo na visiwa vyetu, Galula mkoani Songwe.

Galula iko katika bonde la Ziwa Rukwa, Wilaya ya Songwe. Kabla ya 2016 ilikuwa ndani ya Wilaya ya Chunya, mkoani Mbeya, ukanda wenye wachimbaji wadogo wengi wa dhahabu. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyogusa machimbo ya Chunya. Ilieleza watoto wanaoingia mashimoni, wanaoshika zebaki kwa mikono, na wanaokosa masomo kwa ajili ya kazi hiyo. Basi mtoro wa huko si lazima awe mkaidi. Ukimchapa ukamrudisha darasani na nyumbani hakuna unga, wiki ijayo utamkuta shimoni tena.

Nasi tunayajua haya. Ukifika msimu wa karafuu Pemba, madarasa hupungua watoto. Wavulana wengine hufuata wavuvi dagoni.

Sheria haiko upande wa anayetaka mtoto afungwe. Sheria ya Mtoto ya 2009 ya Tanzania Bara inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo jela. Hata Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, hupokea mtoto aliyetiwa hatiani na mahakama. Mtoro hana hatia hiyo. Sisi Zanzibar tuna Sheria ya Mtoto Na. 6 ya 2011, iliyopata tuzo ya kimataifa mwaka 2015. Lakini sheria haimwamshi mtoto asubuhi kwenda skuli. Hiyo ni kazi ya watu walio karibu naye.

Msaada unaofaa una sehemu tatu. Kwanza, watu wa kumfikia mtoto mapema. Huko Bara, mpango wa taifa wa 2017/18 hadi 2021/22 uliweka kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwetu mlango wa kugonga ni wa sheha na afisa ustawi wa jamii. Pili, kuondoa sababu. Ruzuku ya TASAF kwa kaya maskini, Bara na Visiwani, imefungamanishwa na mahudhurio ya mtoto skuli, hivyo mama anapata sababu na uwezo wa kumbakisha darasani. Tatu, kuisaidia nyumba nzima. Baba na mama wakigombana kila usiku, mtoto atatafuta pa kulala kwingine. Kumshauri yeye peke yake hakutoshi.

Wapo watakaosema dini imeruhusu bakora. Tuangalie vizuri. Mafundisho ya Mtume (s.a.w.) yanataka mtoto aamrishwe sala akiwa na miaka 7, na adhabu haitajwi mpaka afikishe miaka 10. Katikati ipo miaka 3 ya kufundisha. Na wanazuoni wameweka mipaka: isijeruhi, wala isitoke kwenye hasira. Ni wazazi wangapi kati yetu waliokamilisha miaka hiyo 3 kabla ya kushika fimbo? Asiyebaleghe haandikiwi dhambi, ilhali mzazi ni mchunga atakayeulizwa juu ya anaowachunga.

Ushauri wetu ni mwepesi kutekelezwa. Mwalimu wa chuo huwa wa mwanzo kujua mtoto ameanza kupotea. Akikosekana siku tatu, mwalimu na mzee mmoja wa msikiti wafike nyumbani, wasikilize kabla ya kulaumu. Kama shida ni njaa, lifikishwe kwa wenye zaka na sadaka. Kama ni ugomvi wa ndoa, watafutwe wasuluhishi wa pande zote mbili. Kama mtoto anapigwa au anadhalilishwa, hilo lisifichwe kwa kuogopa aibu. Liende kwa afisa ustawi na vyombo vya sheria siku hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.