Kibadilisha Diski na Redio Iliyokuja na Gari

Wako wasomaji wetu ambao bado wanazitunza diski zao za kaswida na mawaidha, na sasa wamekipata kwa bei nafuu kile kisanduku cha kubadilisha diski kikaacho ndani ya buti, chenye nafasi ya diski 6, 10 au 12. Wanauliza iwapo kitapatana na redio iliyotoka na gari kiwandani. Jibu liko nyuma ya redio, si dukani. Basi na ichomolewe itazamwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kitufe cha CD kilichoko kwenye redio hakiiti sauti hivi hivi. Redio hutuma ishara kwanza, kisha hungoja kujibiwa, na kila kampuni ina lugha yake: Toyota ina AVC-LAN, Pioneer IP-Bus, Sony Unilink. Kisanduku cha Sony na redio ya Toyota ni kama wageni wawili wasio na mkalimani, hata plagi zikilazimishwa kuingiana. Mkalimani huyo ni adapta iliyotengenezwa kwa ajili ya jozi maalumu. Ikipatikana, hiyo ndiyo njia bora, kwani sauti hupita kwenye waya mwanzo hadi mwisho.

Asiyeipata hushauriwa kufunga modyuleta ya FM, kifaa kinachowekwa katikati ya waya wa antena na kuigeuza sauti ya diski iwe mfano wa kituo cha redio. Ubora hupungua kidogo, jambo ambalo msikilizaji wa mawaidha hatalihisi. Taabu ni yetu sisi tunaoendesha magari yaliyotumika Japani. Redio nyingi za magari hayo hupokea megahezi 76 hadi 90 tu, ilhali modyuleta nyingi huanzia 87.7 kwenda juu. Uwanja uliobaki ni mwembamba mno, na penye kituo cha mjini hapafai. Kama gari limekwisha kufungwa kigeuza masafa ili lipate vituo vya hapa nchini, modyuleta ikae kati ya kigeuza hicho na redio, masafa yake yasije yakahamishwa.

Lakini la kuogopwa zaidi ni umeme. Kwa kawaida waya wa manjano wa kisanduku hudai umeme wa kudumu, mwekundu ule unaokuja ufunguo ukizungushwa, na mweusi hufungwa kwenye bodi. Rangi za waya za gari lenyewe zisiaminiwe, zipimwe. Waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, isipite nusu mita. Fyuzi hiyo huulinda waya, ambao hupita chini ya zulia wanapokanyaga watoto. Ukichubuka na kugusa bati pasipo fyuzi, huwaka moto. Fundi anayesema fyuzi si lazima aachwe, hata akiwa jirani.

Mwisho, kisanduku kipya huja na skrubu za kukaza mtambo wakati wa safari ya meli. Zisipoondolewa, diski zitaruka kila penye tuta, na lawama itaiendea diski isiyo na kosa. Pembeni mwake huwa pia na swichi za kuchagua kama kimelazwa au kimesimamishwa. Zote mbili, kushoto na kulia, ziwe mahali pamoja.