Pedali ya kurudilia: tuchague gani?

Wandugu wanafunzi, wapiga gitare wa kwaya wanaomba tuchange feza ya kununua pedali inayoshika muziki na kuurudilia. Wengine munasema: Jean-Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na Hugh Tracey hapa Likasi mwaka 1952, alipiga besi na melodia pamoja kwa vidole viwili tu, pedali ni ya nini? Kweli, lakini sisi hatuna Mwenda. Tununue. Ila wapigaji wanataka Ditto ya TC Electronic, eti ni ndogo na ya kupendeza. Ile haina pahali pa betri! Amplifaya yetu inatumika na betri. Umeme ukikatika, Ditto itakuwa jiwe tu. Boss RC-1 inakubali betri ya volti 9, tena inashika dakika 12, Ditto 5 tu. Mwenye kupinga aniambie mbele feza haijaenda mjini.