Hii "Dawa ya Samaki" Twanunua ya Nini?

Kwanza nawapa pole wenzangu waliokaa na njaa saa saba mchana kwa sababu pesa ya chakula imeishia kwenye chupa ya "dawa ya samaki". Wanaovua huku kwetu Frere Town wanaijua: mafuta yanayonuka, ya kupaka chambo cha plastiki ili samaki avutike. Mimi nasema tunaliwa mchana kweupe.

Sisemi harufu haifanyi kazi. Inafanya, tena sana! Samaki ana matundu ya pua, naye hunusa kile kilichoyeyuka majini. Kamba aliyepondwa, utumbo wa samaki, kipande cha ngisi, vyote hutoa majimaji yanayoyeyuka na kwenda na mkondo. Mafuta je? Hata mtoto wa darasa la tatu anajua hayachanganyiki na maji. Yanaelea juu, na changu yuko chini.

Wazee wetu wanaoweka madema huyatia mwani wakitaka tasi. Wa mshipi hutunga ngisi kwenye ndoana, chubwi chini, basi. Tena huyatazama maji. Wakati wa bamvua mkondo wa Tudor huenda mbio, harufu ikatawanyika kabla chewa hajaipata. Maji mafu, harufu hukaa. Anayerambaza nguru, chombo kikienda kasi, asijisumbue na harufu, maana nguru hufukuza anachokiona.

Kuna watakaosema, mbona Wazungu wanatumia? Kweli. Kampuni ya Berkley ya Marekani ilianza kuuza PowerBait mwaka 1988, na wavuaji wengi wa huko humtafuta samaki aitwaye bass. Hata Kenya yuko, aliletwa Ziwa Naivasha mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Lakini bass huwinda zaidi kwa macho na kwa kuhisi mtikisiko wa maji. Kazi kubwa ya ile ladha ni kwamba akishauma asiiteme plastiki upesi, mvuaji apate kuvuta. Hilo nakubali. Nakubali pia kwamba chupa hufunika harufu ya sabuni au petroli mkononi. Sasa, kipande cha ngisi kikitungwa kwenye ndoana hiyo hiyo ya plastiki kinashindwa na nini?

Nadhani ukweli wenyewe ni aibu. Mwenzetu akiingia darasani Jumatatu vidole vikinuka ngisi, huchekwa: "Mvuvi huyo!" Anayenuka chupa yenye maandishi ya Kiingereza hachekwi na mtu. Hebu niambieni, wanaocheka wanakula samaki wa nani? Namjua mmoja anayevua ili nyumbani wapate kitoweo cha jioni, wala si mchezo. Naye kanunua chupa, kwa kuogopa vicheko vyetu tu. Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Anayebisha na aje maji mafu yajayo, siku ya Jumamosi, chini ya daraja la Nyali. Alete chupa yake, mimi nitaleta mabaki ya ngisi niliyoomba kwa wauza samaki. Mishipi miwili, saa mbili. Tutahesabu, na mshindi aende nao wote kwao.