Jina la Mto Si Neno Tupu

Wako watu wasemao kwamba jina la mto ni alama tu, kama nambari iliyobandikwa mlangoni. Usikubali upesi, msomaji. Chukua ramani ya Kenya, uutafute mto Ewaso Ng'iro wa Kaskazini, nasi tuwajibu watu hao.

Mto huu huanza katika milima ya Nyandarua na katika miteremko ya Mlima Kenya. Vijito vyake hukutana katika nyanda za Laikipia, kisha mto huelekea mashariki, hupita Archer's Post, huingia nchi kame, na mwisho huzama katika kinamasi cha Lorian. Bahari hauioni, ila mafuriko yakizidi, maji huvuka Lorian na kushika njia ya Somalia.

Sasa lisikilize jina lenyewe. Katika lugha ya Wamaasai na Wasamburu, ewaso ni mto, na ng'iro ni rangi ya maji yaliyochukua tope. (Basi asemaye "mto Ewaso" hutaja mto mara mbili, lakini sote tumekwisha kuzoea.) Ule mto unaotoka upande wa Nyahururu na kuingia ndani yake huitwa Ewaso Narok, yaani mto mweusi. Waliotoa majina hayo walisimama ukingoni, wakayatazama maji, wakasema walichokiona. Tena mto mwingine, ushukao kutoka Mau hadi ziwa Natron, nao waliuita Ewaso Ng'iro. Wachora ramani ndio waliolazimika kuongeza Kaskazini na Kusini.

Linganisha na kazi ya wageni. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita katika nchi hiyo. Milima ambayo Wakikuyu huiita Nyandarua, kwa kuwa umbo lake ni kama ngozi iliyowambwa ikauke, yeye aliipa jina la Lord Aberdare, mkuu wa chama cha kifalme cha jiografia huko London. Maporomoko ya Ewaso Narok, yenye kimo cha mita 74, yakaitwa kwa jina la Thomson. Na mengine, huko chini katika Ewaso Ng'iro, kwa jina la Chanler, msafiri wa Kimarekani. Mwanafunzi ajifunza nini hapo juu ya mlima au maji? Hajifunzi lolote, ila kwamba msafiri alikuwa na mkubwa wa kumpendeza. Sisemi majina hayo yafutwe, maana nayo ni historia. Nasema si haki yakaririwe darasani kwanza, na yale yenye maana yaachwe kama porojo za wazee.

Labda utaniambia kwamba haya yamekwisha kupita. La, hasha! Tangu miaka ya 1980, maji mengi mno yamekuwa yakivutwa huko juu kwa pampu na mifereji ya kumwagilia mashamba, hata mara kadhaa wakati wa kiangazi mto umekauka kabla ya kufika Archer's Post. Mwenye shamba mlimani hukiona kijito kipitacho mpakani mwake tu, akakihesabu kuwa chake. Hakumbuki kwamba ndicho Ewaso Ng'iro wa watu wengine. Na katika miezi hiyo wachungaji wa Kisamburu huchimba visima mchangani, katikati ya mto ulioitwa kwa rangi ya maji yake.