Baiskeli Imekwenda, Mtoto Bado Halali
NG'AMBO YA MTO, na Ramazani Amuri

Jirani yangu hapa Alunguli ameuza baiskeli iliyokuwa ikibeba mihogo sokoni na kuleta karo ya watoto wanne. Mwanawe anayesoma sekondari alikuwa hali na wenzake, halali usiku, akiitwa darasani haitiki. Shule ikamwita mvivu, ikamrudisha nyumbani. Shangazi akasema mtoto ana uchawi. Fedha ikaishia chumba cha maombi, kijana akafungishwa siku tatu bila chakula.

Nani alimuuliza ameanza lini kukosa usingizi? Hakuna.

Siwezi kumlaumu jirani sana, maana tunalingana umri. Waasi wa RCD walipouteka mji wetu wa Kindu, Oktoba 1998, tulikuwa wanafunzi. Tulilala porini, tukazika ndugu, na masomo yalipofunguliwa tuliambiwa tuendelee pale kalamu ilipoishia. Leo sisi ndio wazazi. Kuvumilia tunakujua sana. Kumkalisha mtoto na kumsikiliza hatukuonyeshwa na mtu.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wenye miaka 10 hadi 19 anaishi na tatizo la akili. Darasa la watoto 50, hesabu ni saba. Mwalimu anayewaona kila asubuhi atawatambua mapema kuliko mchungaji.

Na huyo anayemwita mtoto mchawi ajue kwamba sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto inaadhibu tuhuma hiyo kwa kifungo. Sijasikia ikisomwa katika mkutano wowote wa wazazi.

Hospitali ya akili ya SOSAME iko Bukavu, mji uliochukuliwa na waasi wa M23 Februari 2025. Barabara ya kwenda huko tunaijua. Lakini si kila mgonjwa anahitaji kufika mbali hivyo. Kijana wetu, dada yake alimpakia mtumbwini, wakavuka Lualaba hadi kwa muuguzi mmoja. Muuguzi aliuliza swali moja tu, akanyamaza. Kijana aliongea karibu saa nzima.

Baiskeli haijarudi. Shuleni pia hajarudi.

Bwana prefe wa shule, Jumatatu ukiona benchi lina pengo, barua ya kufukuza iweke kwanza mezani. Mtume mwalimu wa darasa nyumbani kwao, akaulize mtoto analala vipi.