DAMU INAYOPOTEA NDANI SI UVIVU



Mwenzetu mmoja, mkata miwa mwenye umri uliopita miaka 60, aliitwa mvivu na msimamizi wake. Zahanati ya shamba ilimpa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Akapata nafuu, akaishiwa tena. Ikawa hivyo mara tatu. Hakuna aliyeuliza: damu hii inakwenda wapi?

Ilikuwa ikivuja katika utumbo mpana. Mtu akizeeka, mishipa midogo ya damu katika ukuta wa utumbo, hasa upande wa kulia, huweza kutanuka na kuwa dhaifu. Huvuja kidogo kidogo bila maumivu. Pengine damu huonekana chooni, pengine haionekani kabisa. Mtu huona uchovu na kizunguzungu tu.

Ugonjwa huu hutibiwa, mara nyingi bila kupasuliwa. Mgonjwa hunywa dawa ya kusafisha tumbo. Kisha daktari hupitisha kwa njia ya haja kubwa mpira mwembamba wenye taa na kamera. Akiuona mshipa unaovuja, huuchoma juu juu kwa umeme unaopita katika gesi ya argoni. Hufanya kwa uangalifu, maana ukuta wa utumbo upande ule ni mwembamba na huweza kutoboka. Mishipa huweza kuvuja tena, kwa hiyo mgonjwa hupimwa tena baadaye.

Hatusemi kila upungufu wa damu ni huu. Safura ipo, malaria ipo, na hata saratani ya utumbo huvuja damu. Ndiyo sababu tunataka watu wapimwe.

Hapa Uganda uchunguzi huo hufanyika Mulago, Kampala. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 iliweka mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini nauli na gharama humshinda mkata miwa. Kwa hiyo tunadai:

1. Anayeishiwa damu mara ya pili apewe barua ya kwenda hospitali kubwa.
2. Mwajiri alipe nauli na uchunguzi.
3. Asiitwe mvivu wala kufukuzwa kabla ya kupimwa.

Mashine ikivuja mafuta, mwajiri humwita fundi siku ile ile. Hatosheki kujaza mafuta kila asubuhi. Je, mfanyakazi ana thamani ndogo kuliko mashine?

Umoja ni nguvu!