Majani ya lupango lako si adui

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Wengi wetu tumezaliwa mjini na kukulia mjini. Kamalondo, Katuba, ao kambi ya wafanyakazi: huko uwanja ni mdogo, jirani yuko karibu, na udongo umekanyagwa mpaka hauoti kitu. Kazi ya uwanja ilikuwa moja tu, mfagio wa asubuhi. Leo mmoja wetu ameweka akiba, amenunua lupango pembeni ya mji, amejenga, amehamia. Mvua za Novemba zinaanza, na baada ya siku chache majani yanafika magotini. Anauliza: nifanye nini na majani haya?

Majibu anayopewa na marafiki ni mawili. Wa kwanza anamwambia: «Palilia yote mpaka udongo mwekundu uonekane, ndio usafi.» Wa pili anamwambia: «Acha, kiangazi kikija utayachoma moto.» Mimi nasema wote wawili wanakosa. Majani mafupi yaliyotunzwa ni kinga ya afya ya jamaa yako. Si urembo wa watu wenye mali.

Sikiliza sababu. Sisi tunaishi katika nchi ya shaba. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza kazi mwaka 1911, na moshi wa miaka mingi uliacha madini katika udongo. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto walikuwa nayo kupita wakubwa. Mwaka 2018 utafiti mwingine ulionyesha jambo kama hilo mtaani Kasulo, Kolwezi, ambako vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na madini. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto anacheza chini, anashika udongo, kisha anatia mkono kinywani.

Vumbi hili halizuiwi na mfagio. Mfagio unaliinua tu na kulipeleka ndani ya chungu, kitandani na puani. Mizizi ya majani ndiyo inayoshika udongo usiruke na upepo wa Agosti wala usichukuliwe na mvua ya Januari. Hata wenye elimu walifikiri hivyo: mwaka 2010 walitoa matokeo ya jaribio la kufunika udongo ulioharibika wa Penga Penga, Lubumbashi, kwa nyasi 3 za hapa kwetu, pamoja na chokaa na mboji. Moja ya nyasi hizo, Cynodon dactylon, ni yale majani ya kutambaa unayoyaona pembeni ya barabara. Huna haja ya kununua mbegu. Chomoa vipande vyenye mizizi, vipande mwanzo wa mvua, subiri.

Najua akina mama watanijibu: majani yanaleta mbu na nyoka. Neno hili lina ukweli, lakini ni ukweli wa majani marefu. Mbu wa malaria hazaliwi juu ya majani, anazaliwa katika maji yaliyosimama. Kwa hiyo fukia mashimo, mwaga maji ya mikebe na mipira ya gari, kisha lala ndani ya chandarua. Nyoka naye anapenda kujificha. Bafe, yule mnene mwenye madoa, hakimbii: anatulia mpaka umkanyage. Majani ya sentimita 5 hayawezi kumficha. Marundo ya matofali na kuni yanaweza. Yaweke mbali na mlango. Mtu akiumwa na nyoka, usimchanje wala usimfunge kamba. Mvue pete, mtulize asitembee, mpeleke hospitali mara moja.

Tena sisemi mfagio utupwe. Mbele ya mlango na mahali pa jiko, acha sehemu tupu ya kufagia. Nyunyizia maji kwanza, ndipo ufagie.

Sasa juu ya kukata. Mgodini huwezi kukaribia mashini bila kaske, buti na miwani, kwa sababu kapita anakuona. Siku ya Mungu, mtu yule yule anashika kupekupe miguu wazi, macho wazi, na mtoto wake anatazama hatua mbili kando. Siku ya Kwanza asubuhi tunamwona kwenye dispansari: mguu umekatwa, ao jicho limepigwa na jiwe. Mguu tunaushona. Jicho lililopasuka huenda lisione tena.

Basi shika haya. Okota mawe na vyuma kabla ya kuanza. Vaa buti, suruali ndefu na miwani. Watoto wakae mbali kabisa. Ukiazima mashini ya kukata majani, tia esanse wakati mota ni baridi, wala usiguse kisu chake kabla ya kuizima na kutoa waya wa buji. Usikate zaidi ya theluthi ya urefu kwa mara moja, maana majani yaliyonyolewa mpaka udongoni yanakufa na vumbi linarudi. Wakati wa mvua, kata kila wiki mbili ao mapema zaidi. Wakati wa kiangazi yatageuka manjano, hayajafa, yanapumzika. Usiyachome: moto unaacha udongo uchi, na moshi unaingia katika vifua vya watoto. Na uliza kwenye dispansari kama sindano yako ya pepopunda bado ina nguvu.

Ndugu, nyumba umeijenga kwa jasho lako. Pale lupangoni hakuna kapita wa kukukumbusha miwani, na hakuna atakayemwita mtoto wako asicheze katika vumbi. Kapita wa pale ni wewe na bibi yako. Fanyeni kazi hiyo vizuri kama mnavyotaka ifanywe mgodini.

Msaidizi wa mganga